TAICHI YA WACHINA: JE, INAWEZA KUKUKINGA?



Siku hizi katika vijiji vingi vipo vibanda vya kuonyeshea video. Jioni vijana hujaa humo kutazama sinema za Kichina. Wanamwona mzee mwenye ndevu nyeupe, amezungukwa na watu kumi wenye mapanga. Mzee ananyoosha mkono polepole, na wale watu kumi wanarushwa huku na huku kama makapi. Kesho yake vijana wanayajaribu mambo hayo uwanjani. Na wapo wanaojigamba, "Mimi sasa simwogopi mtu."

Jambo hili si geni kwetu. Tangu miaka ya 1970 sinema za Bruce Lee zilipendwa sana Dar es Salaam na katika miji mingine. Bruce Lee alifariki mwaka 1973, lakini mpaka leo watoto ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa wakati huo wanalijua jina lake. Sinema ni burudani, na burudani siyo kosa. Lakini kijana anayeiamini sinema anaweza kukutana na mwizi mwenye panga, akasimama badala ya kukimbia. Hapo burudani inageuka msiba.

Ndiyo maana leo tunataka kujifunza juu ya mapigano ya Kichina. Aina zake ni nyingi, hatuwezi kuzimaliza. Tumechagua aina moja, iitwayo taichi, kwa sababu ndiyo inayobishaniwa kuliko nyingine. Wengine wanasema mtu wa taichi hashindiki. Wengine wanasema ni mazoezi ya vikongwe tu, hayafai kitu. Tutaona kwamba pande zote mbili zimekosea.

Someni polepole. Mkisoma katika kikundi, simameni kila mwisho wa sehemu mjadiliane kwanza.

1. TAICHI ILITOKA WAPI

Jina lake kamili kwa Kichina ni taijiquan. Neno la mwisho, quan, maana yake ni ngumi. Basi tujue tangu mwanzo kwamba taichi ilianza kama mapigano. Haikuanza kama dawa ya viungo.

Ilianzia kijijini, kwa wakulima. Kijiji hicho kinaitwa Chenjiagou, maana yake korongo la ukoo wa Chen. Kiko katika mkoa wa Henan, katikati ya nchi ya China, si mbali na Mto Manjano. Watu wake hulima ngano na mahindi. Katika karne ya 17 nchi ile ilikuwa na vita na njaa, na majambazi walikuwa wengi. Serikali ilikuwa mbali. Kila kijiji kilipaswa kujilinda chenyewe. Wanasema huko kwamba mtu mmoja wa ukoo huo, Chen Wangting, aliyekuwa askari, alikusanya mbinu za kupigana alizozijua akazipanga ziwe mafunzo ya ukoo wake. Baba alimfundisha mwana, na mwana akamfundisha mjukuu. Mgeni hakufundishwa.

Katika karne ya 19 alitokea Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799. Yeye hakuwa wa ukoo wa Chen, lakini alikaa kijijini kwao miaka mingi mpaka Mzee Chen Changxing akakubali kumfundisha. Baadaye Yang alikwenda mji mkuu, Beijing, akawafundisha walinzi na watu wa jumba la mfalme. Alisifiwa sana kwa kupigana, hata akapewa jina la Yang Asiyeshindwa. Alifariki mwaka 1872.

Halafu mambo yakabadilika. Bunduki ziliingia kila mahali, na ngumi ikapungua thamani vitani. Mjukuu wa Yang Luchan, Yang Chengfu, alifundisha watu wengi wa mijini. Hao walikuwa makarani, wafanyabiashara na wasomi. Hawakutaka kupigana, walitaka afya. Mwendo ukawa wa polepole, na kuruka na kukanyaga kwa kishindo kukaachwa. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mafunzo mafupi ya mikao 24, yanayomalizika kwa dakika kama tano au sita, ili kila mwananchi aweze kujifunza. Leo mamilioni ya watu huyafanya alfajiri katika bustani za miji ya China. Mwaka 2020 Shirika la UNESCO liliiweka taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Tumeona basi kwamba taichi ina sura mbili. Ipo ya kale, ya kijiji kilichojilinda. Ipo ya sasa, ya watu wanaotafuta afya. Mtu akikwambia, "Mimi najua taichi," swali la kwanza ni hili: ipi?

2. INAVYOFANYA KAZI

Sote tunaujua mchezo wa kuvuta kamba. Watu wa upande huu wanavuta kwa nguvu zao zote. Watu wa upande ule wakiiachia kamba ghafla, je, nini kinatokea? Waliokuwa wakivuta wanaanguka chali. Hakuna aliyewapiga. Nguvu zao wenyewe ndizo zilizowaangusha.

Hilo ndilo wazo kubwa la taichi: usishindane nguvu kwa nguvu. Mtu akikusukuma, usimsukume hapo hapo. Mpishe kidogo, geuka, mwache aende na nguvu zake mpaka akose pa kuegemea. Hapo ndipo umsukume. Mtu aliyekwisha kupoteza uimara anaangushwa hata na mwenye nguvu kidogo.

Wazo la pili ni kutumia mwili mzima. Tazama watu wawili wanaopasua kuni. Mmoja anatumia mikono tu, na baada ya vipande vitano ameshachoka. Mwingine anakanyaga imara, anageuza kiuno, na shoka linashuka na uzito wa mwili wote. Walimu wa taichi husema nguvu hutoka kwenye nyayo, hupita miguuni, huongozwa na kiuno, na huonekana mkononi. Mpasua kuni hodari analijua hilo ingawa hajawahi kusikia jina la taichi.

Wazo la tatu ni utulivu. Mtu mwenye hofu au hasira hukaza mabega na kubana pumzi. Aliyekaza mwili huchoka upesi, tena ni rahisi kumwangusha, maana amekuwa kama gogo. Mwanafunzi wa taichi huzoezwa kulegeza mabega na kupumua sawasawa.

Kwa nini basi hufanywa polepole? Kumbuka ulipoanza kisomo. Uliandika herufi moja moja, polepole, ukiutazama mkono wako. Kama ungeharakishwa siku ile, usingejifunza. Mwendo wa polepole ni hivyo hivyo: mwanafunzi anapata nafasi ya kuuona uzito wake uko mguu gani na wapi anayumba.

Lakini je, mtu aliyejua herufi tu anaweza kuandika barua? Hawezi. Lazima asonge mbele, afanye imla, aandike maneno ambayo hakujua kwamba mwalimu atayasema. Shikeni mfano huu wa imla. Tutauhitaji.

3. TAICHI ILIPOPIMWA

Maneno matamu hayatoshi. Tazama mara ambazo taichi ilipimwa mbele ya watu.

Tarehe 17 Januari, 1954, huko Macau karibu na Hong Kong, walipambana walimu wawili waliokuwa wamebishana kwenye magazeti. Mmoja alikuwa Wu Gongyi wa taichi. Mwingine alikuwa Chan Hak Fu wa mtindo uitwao Korongo Mweupe, maana yake yule ndege mwenye miguu mirefu. Fedha za watazamaji zilikuwa za kusaidia watu walioteketezewa nyumba na moto mkubwa wa Hong Kong. Watu walifurika kuona maajabu. Filamu iliyopigwa siku ile ipo hadi leo. Haionyeshi mtu kurushwa kwa kidole. Inaonyesha watu wawili wakirushiana mikono na mateke, puani damu, mpaka pambano likasimamishwa na hakuna aliyetangazwa mshindi. Kumbe mabingwa nao ni binadamu. Hata hivyo tusimdharau Wu Gongyi. Alikuwa na umri mkubwa kuliko mwenzake, na alisimama mpaka mwisho.

Mwezi Aprili mwaka 2017, katika mji wa Chengdu, mwalimu wa taichi aitwaye Wei Lei alipambana na Xu Xiaodong. Huyu Xu ni mtu wa mapigano ya siku hizi yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka. Mwalimu wa taichi alisimama kwa mkao mzuri, mikono imenyooshwa mbele. Xu alimwingilia kwa ngumi za haraka. Haikufika nusu dakika, mwalimu alikuwa chini. China nzima ilibishana. Wengine walimkasirikia Xu kwa kudhalilisha urithi wa taifa. Wengine walimshukuru kwa kufichua ukweli.

Je, hapo tuseme taichi ni uongo? Hapana. Jiulizeni kwanza kwa nini mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka alianguka upesi namna ile.

4. ANAYEKUBALI NA ANAYEKATAA

Walimu wengi hufanya maonyesho na wanafunzi wao wenyewe. Mwalimu anamgusa mwanafunzi, mwanafunzi anaruka nyuma hatua tatu. Mwanafunzi huyo si lazima awe mwongo. Anamheshimu mwalimu wake, hataki kumwaibisha, na mwili wake umezoea kukubali. Baada ya miaka mwalimu naye anaanza kuamini kwamba kila mtu ataruka. Halafu siku moja anakutana na mtu asiyekubali.

Hapa ndipo ule mfano wa imla unapotufaa. Mazoezi ya peke yako ni herufi. Mazoezi na mtu anayekubali ni kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Mazoezi na mtu anayekataa, anayetaka kweli kukuangusha, hayo ndiyo imla. Jambazi hakungoji. Ngumi yake inafika kabla hujakumbuka mkao wa kumi na mbili.

Na ukweli ni kwamba taichi ya kale inayo imla yake. Inaitwa kusukumana mikono. Watu wawili wanasimama wakitazamana, wamegusanisha mikono. Kila mmoja anamtafutia mwenzake pa kumyumbisha. Anayehamisha mguu ameshindwa. Mwanzoni hufanywa polepole, kisha kwa nguvu zaidi, na yapo mashindano ambamo watu huangushana kweli kweli. Mtu aliyezoea mchezo huu miaka miwili au mitatu si rahisi kumsukuma. Ukimshika shati au mkono anajua nguvu yako inaelekea wapi kabla hujaitoa. Katika ugomvi wa kushikana na kukwidana, hiyo ni faida kubwa.

Lakini nao una upungufu. Kusukumana mikono huanza watu wakiwa wamekwisha kugusana, wala hakuna kupiga usoni. Mtu anayerusha ngumi kutoka mbali hukuguswa naye bado. Ndiyo maana Wachina wenyewe, mtu akitaka kujifunza kupigana hasa, mara nyingi humpeleka kwenye mchezo mwingine uitwao sanda. Jina hilo lisikushtue, siyo ile nguo ya kuzikia maiti. Ni mchezo wa ngumi, mateke na kuangushana, wachezaji wamevaa glovu na vikinga, na kila mmoja anampiga mwenzake kweli.

Kuamini bila kupima kumewahi kuleta maafa makubwa. Mwaka 1900 wakulima wengi wa kaskazini ya China, walioitwa Yihetuan, waliinuka dhidi ya mataifa ya kigeni yaliyokuwa yakiinyonya nchi yao. Hawa hawakuwa watu wa taichi, lakini walifanya mazoezi ya ngumi na maombi, wakaamini kwamba risasi haitawapenya. Majeshi ya mataifa manane, Wajerumani wakiwamo, yaliwaua kwa maelfu. Sisi tunaielewa habari hiyo vizuri kuliko watu wengi. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1905, wazee wetu wa kusini walisimama dhidi ya Wajerumani hao hao katika Vita vya Maji Maji, wakiwa na imani inayofanana na hiyo. Ushujaa wao tunauheshimu siku zote. Lakini risasi haikugeuka maji, wala huko wala huku.

5. PANGA, KISU NA SHERIA

Sasa tuseme waziwazi. Mtu mwenye panga au kisu akikujia, hakuna mtindo wa China wala wa nchi nyingine unaokuhakikishia kupona. Hata waliofunzwa vizuri hukatwa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni miguu: ondoka. Kinga ya pili ni sauti: piga yowe, ita majirani. Kinga ya tatu ni kitu cha kuwatenganisha, kama mti, meza, baiskeli au mlango. Anachotaka kikiwa ni fedha au simu, mpe. Simu hununuliwa tena.

Kinga nyingine huja kabla ya hatari. Akina mama wanaokwenda kuni au maji huenda wawili wawili au zaidi. Mtu aliyelewa hapaswi kurudi peke yake usiku. Mwenye kutoka mnadani asihesabu fedha zake hadharani. Mambo haya hayaonyeshwi kwenye sinema kwa sababu hayapendezi kutazama. Lakini yameokoa watu wengi.

Ikiwa umebanwa huna pa kukimbilia, hapo tu ndipo upigane, na lengo lako liwe kupata nafasi ya kutoka. Sheria inamruhusu mtu kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Mtu aliyeanguka chini au anayekimbia si hatari tena. Ukiendelea kumpiga, wewe ndiwe utakayesimama mahakamani. Anayejifunza kupigana ni lazima ajifunze na kuacha.

6. ADUI ANAYEANGUSHA WATU WENGI ZAIDI

Mpaka hapa mtu atasema, "Basi taichi haina faida kubwa." Subiri kwanza, ndugu. Unapotaka kujikinga, uliza kwanza adui ni nani.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 458,000 waliuawa na watu wenzao duniani. Ni wengi, na inasikitisha. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 hufa kwa sababu ya kuanguka tu, na walio wengi ni wazee wa miaka zaidi ya 60. Linganisheni namba hizo mbili. Kuanguka kunaua watu wengi kuliko wauaji wote.

Tena hatuhitaji namba kulijua hili. Kila kijiji kina habari ya bibi aliyeteleza njiani akienda kisimani, akavunjika nyonga, akalala kitandani na asiinuke tena. Mzee akivunjika nyonga anakaa muda mrefu bila kutembea. Mapafu yanadhoofu, vidonda vya kulala vinatoka, na nguvu zinakwisha. Na binti au mkwe anaacha shamba ili kumuuguza.

Dhidi ya adui huyu taichi imepimwa, na imeshinda. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Oregon, Marekani. Wazee 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambao walikuwa wamewahi kuanguka au walikuwa na shida ya kutembea, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. La pili lilifanya mazoezi ya aina mbalimbali. La tatu lilifanya taichi iliyorahisishwa. Baada ya miezi kama sita, kundi la taichi lilikuwa limeanguka pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi la kunyoosha viungo. Yaani kundi hili likianguka mara 100, lile la taichi linaanguka mara 42 tu.

Sababu yake si uchawi. Mikao yote ya taichi hufanywa magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa hiyo mapaja hupata nguvu. Uzito huhamishwa polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo mwili hujifunza kusimama juu ya mguu mmoja bila kuyumba. Na mtu huzoea kuutambua wayo wake unakanyaga nini. Mambo matatu hayo ndiyo yanayompungukia mzee.

Na angalieni: hayo hayo ndiyo msingi wa kupigana. Anayeyumba hawezi kupiga wala kukwepa wala kukimbia. Basi taichi ya polepole haikukosa maana. Inakupa msingi. Kosa ni kuudhani msingi kuwa nyumba.

7. MAZOEZI MATATU YA KUJARIBU

Mazoezi haya hayahitaji fedha wala nguo maalum. Mwenye kizunguzungu, mwenye mguu mbovu au mgonjwa amwone kwanza mganga wa zahanati.

(a) Kusimama. Simama miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Kunja magoti kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa akaghairi. Mgongo uwe wima, mabega yalegee. Pumua taratibu, ukihesabu mpaka 60. Akina mama mnaobeba ndoo kichwani mnaujua tayari mgongo huu. Ndoo haitaki mtu wa kupinda.

(b) Kukanyaga kama paka. Hamishia uzito wote mguu wa kushoto. Nyanyua wa kulia, uweke mbele, kisigino kwanza, bila kuupa uzito wowote. Ukishakuwa na uhakika kwamba ardhi ni imara, ndipo uuhamishie uzito polepole. Kisha rudia kwa mguu mwingine. Piga hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Mzee afanye hivyo kando ya ukuta, au mjukuu awe karibu yake. Hatua hii itakufaa masika, njia inapoteleza.

(c) Kusukumana. Watu wawili wa umri na nguvu zinazokaribiana wasimame wakitazamana mahali penye mchanga au nyasi. Kila mmoja aweke viganja kwenye mabega ya mwenzake. Mmoja asukume polepole, mwingine ajaribu kumpisha kwa kugeuza kiuno bila kuhamisha mguu. Badilishaneni. Baada ya siku kadhaa ongezeni nguvu, na anayesukumwa asikubali kirahisi. Pasiwe na kupiga wala kukasirika.

Fanyeni dakika 15 kila siku kwa miezi mitatu. Kabla ya kuanza, pima unaweza kusimama juu ya mguu mmoja kwa hesabu ngapi. Iandike namba hiyo katika daftari pamoja na tarehe. Mwisho wa mwezi pima tena na uandike. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika: hutadanganywa na mtu, wala hutajidanganya mwenyewe.

8. UKIPATA MWALIMU WA MAPIGANO

Mijini wapo walimu wa mitindo ya Kichina, na siku moja mmoja anaweza kufika kwenu na kutaka ada. Usitoe fedha kabla ya kuuliza haya:

Wanafunzi wako hufanya mazoezi na mtu anayekataa, au huonyeshana tu?

Je, tunaweza kutazama siku moja bila kulipa?

Vifaa vya kukinga meno na kichwa vipo?

Unafundisha nini juu ya mtu mwenye kisu? Akijibu kwamba atakufundisha kumnyang'anya kwa urahisi, rudi nyumbani. Akijibu kwamba atakufundisha kwanza kukimbia, huenda ni mwalimu wa kweli.

Anayesema ana nguvu za siri za kumwangusha mtu bila kumgusa, mwombe amwangushe mgeni, siyo mwanafunzi wake.

TUKUMBUKE

Taichi ilianza kama ulinzi wa kijiji, kisha ikawa mazoezi ya afya. Anayefanya mwendo wa polepole peke yake anapata uimara na utulivu, lakini hajawa mpiganaji. Anayeongeza kusukumana na mtu anayekataa anapata uwezo wa kweli wa kutoangushwa. Dhidi ya panga kinga ni miguu na majirani. Na adui anayewaangusha wazee wetu kila mwaka, taichi inaweza kumpunguza kwa kiasi kikubwa.

Ufundi wowote, uwe wa Kichina au wa kwetu, upimeni kwa mtu anayekataa. Ndipo muuamini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Neno quan maana yake nini? Linatufundisha nini juu ya mwanzo wa taichi?

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini wavuta kamba huanguka wenzao wakiiachia.

3. Kuna tofauti gani kati ya mazoezi na mtu anayekubali na mazoezi na mtu anayekataa? Toa mfano kutoka kazi nyingine unayoijua.

4. Katika kijiji chenu, mwaka uliopita ni watu wangapi waliumizwa na wezi? Ni wangapi waliumia kwa kuanguka? Andikeni hesabu hiyo.

5. Ni sehemu zipi za kijiji zinazoangusha watu, kama vile daraja, ngazi ya kisima au njia ya zahanati? Mwaweza kuzitengeneza vipi kwa kazi ya pamoja?

MANENO YA KUJIFUNZA

Imla: kuandika maneno yanayosomwa na mwalimu bila kuyaona.

Nyonga: sehemu ya mwili ambapo paja linaungana na kiuno.

Kukwidana: kushikana kwa nguvu nguo za shingoni wakati wa ugomvi.

Wayo: sehemu ya chini ya mguu inayokanyaga ardhi. Zikiwa nyingi huitwa nyayo.